Moelfre: Kijiji Kilichofunzwa na Bahari

Moelfre ni kijiji cha wavuvi mashariki mwa kisiwa cha Anglesey, kaskazini mwa Wales. Binadamu wameishi hapa tangu kale. Mwendo mfupi kutoka ufukweni lipo kaburi la Lligwy la Zama Mpya za Mawe, lililofunikwa kwa jabali moja la takriban tani 25. Karibu yake pana magofu ya Din Lligwy, makazi ya enzi za utawala wa Kirumi, na kikanisa cha karne ya 12 kisichokuwa na paa tena.

Vizazi vya baadaye viliishi kwa bahari: uvuvi wa heringi na kazi za melini. Mwaka 1848 kijiji kikapata kituo cha mashua ya uokoaji.

Alfajiri ya Oktoba 26, 1859, meli Royal Charter, iliyotoka Melbourne kwenda Liverpool ikiwa na abiria waliorudi na dhahabu ya Australia, ilitupwa na dhoruba kwenye miamba karibu na kijiji. Baharia wa Malta, Joseph Rodgers, alijifunga kamba akaogelea hadi nchi kavu. Wanakijiji wakashikana mikono, wakaingia katika mawimbi kuwavuta waliofika karibu. Walipona watu wapatao 40. Zaidi ya 400 walikufa, wakiwamo wanawake na watoto wote.

Kasisi Stephen Roose Hughes aligeuza kanisa la Llanallgo kuwa chumba cha maiti. Alizika wafu na kujibu barua za jamaa zao, zaidi ya 1,000. Mwandishi Charles Dickens alifika na kuandika kuhusu msiba huo na kasisi Hughes. Kasisi huyo alifariki mwaka 1862.

Msiba wa Royal Charter ulimsukuma mtaalamu wa hali ya hewa Robert FitzRoy kuanzisha, mwaka 1861, huduma ya kuwatahadharisha mabaharia wa Uingereza kuhusu dhoruba.

Oktoba 27, 1959, miaka 100 na siku moja baada ya msiba wa Royal Charter, meli Hindlea ilikwama karibu na hapo katika kimbunga. Richard Evans, nahodha wa mashua ya uokoaji, na wenzake waliwatoa mabaharia wote wanane wakiwa hai. Alitunukiwa medali ya dhahabu, na ya pili kwa uokoaji wa mwaka 1966.

Watalii huja kutazama mawe ya Lligwy, lakini urithi mkubwa wa Moelfre ni ujasiri wa kumfuata baharini mtu usiyemjua. Kituo cha uokoaji bado kinafanya kazi, na wahudumu wake ni watu wa kujitolea.