Dan Lyons: mwandishi aliyewacheka mabwana wa kompyuta

Ukipita Marereni jioni, watu wakisharudi kutoka mashamba ya chumvi, utawakuta vijana barazani kila mmoja ameinamia simu yake. Humo simuni ndimo ujira unamoingia, ndimo mkopo unamoombwa, na humo humo deni hudaiwa. Kampuni zinazoendesha mambo haya twazijua kwa matangazo yao tu. Wanaozitazama kwa jicho la tashtiti ni wachache. Mmoja wao ni Mmarekani Dan Lyons, na safari yake ya kazi ina faida hata kwetu huku.

Lyons alizaliwa 1960. Alikuwa mhariri katika jarida la Forbes, akiandika habari za kampuni kubwa za kompyuta. Mwaka 2005 aliandika makala kali ya jalada akiwashambulia wanablogu. Mwaka uliofuata akafungua blogu yake mwenyewe, kwa siri. Humo alijifanya ni Steve Jobs, mkuu wa Apple, anayeandika shajara ya kila siku: mtu anayejiona ameletwa duniani kuwaokoa wanadamu kwa kuwauzia vifaa. Watu walicheka huku wakibahatisha mwandishi ni nani. Agosti 2007 gazeti la New York Times likamfichua, na mwaka huohuo tashtiti ile ikatoka kama riwaya, Options.

Mwaka huohuo alifanya jambo ambalo waandishi wengi hulikwepa. Tangu 2003 alikuwa akiandika kuhusu kampuni ya SCO, iliyoishtaki IBM kwa madai kwamba Linux, programu ambayo yeyote aweza kuitumia bila malipo, ilibeba mali yake. Lyons aliamini SCO ina nafasi ya kushinda. Mahakama ilipoamua kwamba SCO hata haikuwa na hakimiliki iliyokuwa ikiitegemea, aliandika waziwazi kwamba alidanganyika. Anayewacheka wakubwa akashindwa kukiri kosa lake, huyo ni mtukanaji tu.

Mwaka 2008 alihamia Newsweek. Magazeti yalikuwa yakififia kwa sababu matangazo yalihamia intaneti, na mwaka 2012 akapoteza kazi, umri umeshapita hamsini. Kwa hivyo yule aliyeishi kwa kuzicheka kampuni za teknolojia akaenda kuajiriwa na mojawapo. Mwaka 2013 aliingia HubSpot, kampuni changa karibu na Boston inayouza programu za kutafutia wateja. Wenzake wengi walikuwa na umri wa kuwa wanawe. Kulikuwa na ukuta wa peremende, na dubu wa kuchezea alikaa mikutanoni kumwakilisha mteja. Mtu akifutwa kazi, wenzake waliarifiwa kwamba “amehitimu”.

Hayo aliyaeleza katika kitabu Disrupted, kilichotoka 2016. Kinachokifanya kitabu kiwe na nguvu ni kwamba anayechekwa zaidi humo ni Lyons mwenyewe, mzee aliyepotea njia. Lakini chini ya kicheko mna hoja nzito: peremende na maneno matamu hufunika ajira isiyo na uhakika. Hata kabla hakijatoka, mwaka 2015, HubSpot ilimfukuza mkuu wake wa masoko kufuatia uchunguzi kuhusu majaribio ya kuupata mswada wake. Lyons pia aliandikia kipindi cha vichekesho cha televisheni kiitwacho Silicon Valley, na mwaka 2018 akatoa Lab Rats, kitabu kuhusu kampuni zinavyowafanyia wafanyakazi wao majaribio.

Kwetu Afrika Mashariki tashtiti si ngeni. Gado, mchoraji aliyezaliwa Dar es Salaam 1969, alijiunga na gazeti la Nation mwaka 1992, na 2009 akaanzisha XYZ Show, kipindi cha vikaragosi vya kuwachekea viongozi. Mwaka 2016 mkataba wake na Nation haukuongezwa. Yeye shabaha yake kubwa ni wanasiasa. Kampuni za simu na benki hazipati kipigo hicho mara nyingi, na sababu moja haihitaji mpelelezi: zenyewe ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa matangazo magazetini na redioni. Ni vigumu kumcheka anayekulipia karatasi.

Hasara yake twaijua. Mwaka 2023 maelfu ya Wakenya walipanga foleni kupigwa picha mboni za macho na mashine ya Worldcoin, wakalipwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Walioambiwa hiyo ni njia ya kuthibitisha kuwa wewe ni binadamu wala hawakucheka, kwa kuwa njaa haina mzaha. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti, na mwaka 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hiyo ifutwe. Lakini jicho lilikuwa limeshauzwa. Mwandishi mmoja mwenye ulimi mkali, siku ya kwanza ya foleni, pengine angewafanya wengine waulize kwanza.

Dini yetu imekataza kudharauliana, na kumcheka mnyonge ni dhambi na ni aibu. Kulirudisha neno la mkubwa kwenye maana yake ni kazi nyingine, na Pwani hii iliijua zamani: Muyaka bin Haji wa Mombasa aliifanya kwa mashairi karne mbili zilizopita. Vijana wetu wa Marereni wana ulimi huo barazani kila jioni. Wauandikie. “Mkopo wa papo kwa papo” ukiitwa deni la papo kwa papo, huenda mmoja akafunga simu akaenda kulala salama.