Istilahi za Kuonja Pombe: Kutoka Pishi la Mwingereza hadi Ubaruku

Miongoni mwa kazi zinazoonekana nyepesi mpaka mtu azishike ni kufasiri maneno ya ladha. Mtafsiri akipewa karatasi ya kupimia bia ya jadi ya Waingereza, ile waiitayo "bitter", atakuta imegawanywa katika mafungu: sura, harufu, ladha, uzito kinywani, na ladha inayobaki baada ya kumeza. Kila fungu lina alama zake. Mafungu hayo hayamsumbui. Taabu huanza katika sifa zinazopasa kuandikwa ndani yake, na kwanza kabisa katika jina lenyewe la kinywaji, kwani maana yake ni "chungu", na kwa msomaji wetu kitu kichungu ni shubiri au kwinini.

Yafaa tuitazame historia ya jina hilo. Hopsi, yaani maua ya mmea utambaao ambayo huipa bia uchungu na kuizuia isiharibike upesi, yalienea katika utengenezaji wa bia Uingereza tangu karne ya 15, yakitokea ng'ambo ya bahari, upande wa Uholanzi na Ubelgiji za leo. Katika karne ya 19 ilipata sifa bia ya rangi ya kaharabu yenye hopsi nyingi, hasa ile ya mji wa Burton upon Trent, ambao maji yake ya visima yana jasi nyingi. Watengenezaji waliiita "pale ale", yaani bia iliyopauka. Wanywaji hawakulifuata jina hilo la rangi. Waliiita "chungu" ili kuipambanua na bia nyingine iliyokuwa na hopsi chache. Jina la wanywaji likashinda. Kwa hiyo istilahi hii, ambayo leo huandikwa katika karatasi za wapimaji, ilizaliwa katika vinywa vya wateja.

Bia hiyo ya jadi hutolewa katika pipa ambamo chachu ingali hai, kwa ubaridi wa pishi wa nyuzi kama 12 za Selsiasi, nayo haina gesi nyingi. Mwonjaji mzoefu haulaumu uchungu wake. Huuliza kama uchungu wa hopsi unalingana na utamu wa kimea, na kama unabaki vizuri kinywani. Ndiyo kusema kwamba uchungu hapa ni sifa inayotafutwa, wala si kasoro.

Katika Afrika ya Mashariki bia ya namna hiyo haikuota mizizi. Kiwanda cha Nairobi kilianzishwa mwaka 1922, na cha Dar es Salaam katika mwongo wa 1930. Lakini bia ya chupa iliyoenea hatimaye ni laga, inayochachushwa na kutunzwa katika baridi, nyepesi na yenye gesi. Tena, kwa muda mrefu wa utawala wa kikoloni Waafrika waliwekewa vizuizi vya kuinywa. Neno "bia" likaingia katika Kiswahili likiwa jina la chupa na la cheo kabla ya kuwa jina la ladha. Sheria nazo zilivigawa vinywaji kwa wenyewe na kwa namna ya kutengenezwa. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1966 juu ya vileo vya kukenekwa ililichukua neno letu "moshi" na kulitia katika maandishi ya Kiingereza; ile ya mwaka 1968 juu ya vileo ikazitenga pombe za kienyeji katika fungu lake. Migawanyo hiyo yamfaa mtoa leseni. Mwonjaji haimsaidii.

Je, wanywaji wetu hawakupima? Methali isemayo kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji ni ushahidi wa kutosha kwamba walipima, wakasifu, na wakagundua udanganyifu. Katika Nyanda za Juu Kusini ushahidi ni mwingi zaidi. Ulanzi, unaogemwa katika mianzi michanga majira ya mvua, una majina kwa kadiri ya umri wake: ulio mbichi na mtamu huitwa mtogwa, na uliokwisha kuchachuka ukawa mkali huitwa mkangafu. Iko pia komoni, pombe ya nafaka inayonywewa Iringa na Mbeya. Na kwa Wanyakyusa iko kimpumu, pombe ya ulezi inayonywewa chunguni kwa mirija.

Chukua mfano wa Ubaruku, mji wa wakulima wa mpunga katika bonde la Usangu, jirani na shamba la Mbarali lililojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970. Watu wa Mbeya na wa Iringa hukutana hapo kwa kilimo na biashara, na kila mmoja huja na maneno yake. Mwanzi wa ulanzi ni mmea wa nyanda za juu. Kinywaji kikishushwa hadi bondeni, utamu wa mtogwa huwa umekwisha kupungua njiani. Kwa hiyo mnunuzi wa huko ana haja ya neno la kutaja hali hiyo kuliko mnunuzi wa mlimani. Mji huo huo watukumbusha kwamba Mwingereza ana neno moja pale tunaposema mpunga, mchele na wali. Lugha hupambanua kile ambacho watu wake wanakishughulikia.

Basi mtafsiri afanyeje? Kwanza, asiogope neno "chungu". Aandike "bia chungu ya Kiingereza", akichunga asiteleze akasema "pombe ya chungu", ambayo ni kimpumu. Pili, neno "kali" lisiachwe peke yake, maana hubeba nguvu ya kileo na pia ukali wa limau. Heri "ukali wa kileo" kwa maana ya kwanza, na "uchachu" kwa ya pili. Tatu, "chachu" ibaki kuwa jina la kitu kichachushacho, ili isichanganywe na ladha yenyewe. Nne, maneno kama mtogwa na mkangafu yaandikwe pamoja na maana zake na mahali yanapotumika.

Jambo hili la nne ndilo lenye haraka. Neno la kubuni laweza kungoja kikao kijacho. Neno linalosemwa na wagema wazee halingoji. Wakiondoka bila kuulizwa, tutakaa mezani kulibuni upya, tena pengine kwa ubora wa chini kuliko lile tulilolipoteza.