Ghorofa za Juu Zinaweza Kuponda za Chini? Seoul Walijibu Kitambo

Kila Septemba ikikaribia, kuna hoja hurudi kama bili ya stima. Ati ghorofa chache za juu haziwezi kuponda ghorofa nyingi za chini, kwa sababu za chini ni nyingi na ni nzito kuliko za juu. Mnara wa New York ulikuwa na ghorofa 110, sehemu iliyoanza kuanguka ilikuwa na 12 hivi, kwa nini zile zingine zisiishike? Kidogo hakiwezi kushinda kikubwa, sindio?

Wasee, hilo swali historia imelijibu zaidi ya mara moja. Na jibu lake linatuhusu sisi wapangaji wa Nairobi kuliko tunavyodhani.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, na hata sikuwa nasomea uinjinia. Lakini hii hesabu haihitaji digrii. Chukua gunia la simiti, kilo 50. Jamaa wa mjengo analiweka begani na anapanda nalo ngazi, anashuka, anarudia hadi jioni. Sasa mwachilie hilo gunia kutoka ghorofa ya juu yake. Uzito ni uleule, lakini hakuna bega litalishika. Bega linaweza kubeba kitu kilichotulia. Kitu kinachoanguka kinakuja na spidi, na ni lazima kisimamishwe ndani ya sentimita chache. Hapo ndipo nguvu inazidi mara kadhaa.

La pili, "ghorofa za chini" hazipigani kama timu. Slabu inayoangukiwa ni moja. Ile ya kumi chini yake haiwezi kupanda kuja kusaidia. Slabu ya kwanza ikishindwa, inajiunga na mzigo, halafu mzigo mkubwa zaidi unaenda kwa inayofuata. Kila mmoja anapigwa peke yake, na anayempiga anazidi kunenepa.

Sasa twende London. Tarehe 16 Mei 1968, asubuhi mapema, gesi ililipuka kwenye nyumba moja ya ghorofa ya 18 huko Ronan Point, jengo la ghorofa 22 lililokuwa limefunguliwa miezi miwili tu. Mlipuko wenyewe haukuwa mkubwa sana. Mwenye nyumba hiyo alipona. Lakini ulisukuma nje kuta zilizokuwa zimebeba pembe ya jengo, kwa sababu jengo lilikuwa la vipande vya zege vilivyopangwa juu ya vingine kama kadi. Ghorofa za juu zikakosa pa kukaa, zikaanguka, na pembe yote ikaporomoka mpaka chini. Watu 4 walikufa. Uingereza ikabadilisha sheria za ujenzi: kitu kidogo kikiharibika, jengo halifai kuanguka kwa kiasi kisicholingana na huo uharibifu.

Na ona hii: pembe moja ilienda, jengo lingine likabaki limesimama. Kwa hivyo siyo kweli pia kwamba kila kitu cha juu kikianguka lazima kila kitu kiishe. Inategemea mzigo unaanguka wapi, ni mzito kiasi gani, na chini yake kumefungwa aje.

Lakini kama kuna stori moja ningetaka kila mpangaji aijue, ni ya Seoul.

Sampoong lilikuwa duka kubwa la kifahari huko Korea Kusini. Michoro ya kwanza ilikuwa ya jengo la ghorofa 4. Mwenyewe akabadilisha mawazo katikati, akataka duka, halafu akataka ghorofa ya 5. Kampuni iliyokuwa inajenga ilikataa hayo mabadiliko. Akaiondoa, akatumia kampuni yake. Nguzo zingine zilikatwa kupisha ngazi za umeme. Ghorofa ya 5 ikawa ya mikahawa, na sakafu yake ikawekwa mfumo wa kupasha joto, yaani zege zaidi, uzito zaidi. Juu ya paa kukakaa mitambo mikubwa ya kupoza hewa. Mwaka wa 1993 majirani walilalamika kuhusu kelele, mitambo ikahamishwa upande mwingine wa paa. Badala ya kuinuliwa kwa kreni, iliburutwa. Paa likapata nyufa.

Mwezi Aprili 1995 nyufa zilikuwa zinaonekana kwenye dari ya ghorofa ya 5. Tarehe 29 Juni zilizidi, na watu wakaanza kusikia milio kutoka juu. Wakubwa wakafunga ghorofa ya juu, wakazima mitambo, wakaita mkutano. Ghorofa za chini waliziacha wazi, kwa sababu biashara ilikuwa imechangamka. Jioni kabla ya saa kumi na mbili paa likaachia. Mitambo ikaanguka kwa ghorofa ya 5, ya 5 kwa ya 4, na mrengo mzima wa kusini ukaenda hadi vyumba vya chini ya ardhi kwa sekunde 20 hivi. Watu 502 walikufa, wengine zaidi ya 900 wakaumia.

Wengi wao walikuwa chini wananunua vitu zao. Walikuwa wamefungiwa ghorofa ya juu "kwa usalama wao."

Turudi New York basi. Mwaka wa 2001, ndege na moto vilidhoofisha vyuma hadi sehemu ya juu ya kila mnara ikaanza kushuka. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walipiga hesabu: viungo vya sakafu moja vingeweza kushika uzito wa ghorofa 11 za ziada ukiwekwa polepole, au 6 tu ukija ghafla. Mnara mmoja ulikuwa na ghorofa 12 juu ya pale palipoanzia, mwingine 29. Umbali wa ghorofa moja tu unatosha kufikisha spidi ya karibu kilomita 30 kwa saa. Mchezo uliisha hapo.

Kuna wenye watasema: lakini ya juu nayo si inapondwa pia? Ndiyo, inapondwa. Lakini gunia likipasuka, simiti haipotei. Kifusi bado kina uzito wake, na bado kinashuka. Wafaransa hata hubomoa majengo hivyo bila baruti: wanasukuma kuta za ghorofa za katikati kwa jeki, nusu ya juu inaangukia nusu ya chini, na zote mbili zinakuwa kokoto.

Sasa Nairobi. Aprili 2016, usiku wa mvua, jengo liliporomoka Huruma na karibu watu 50 wakafa. Lilikuwa tayari limetajwa kuwa la kubomolewa, na watu bado walikuwa wanalipa kodi ndani. Hilo lilikuwa kando ya mto, na halikuanza kama Seoul. Lakini slabu zikishaanza kushuka, fizikia haiulizi chanzo kilikuwa nini.

Ndiyo maana huwa nakasirika nikiskia mtu akisema, "Mimi niko ghorofa ya pili, hiyo wanaongeza juu hainihusu." Inakuhusu kuliko yule wa juu! Ploti iliyopangiwa ghorofa 4 ikifika 7, ni nguzo za pale kwako chini zinabeba hizo 3. Tangi la lita 10,000 likijaa ni tani 10 za maji juu ya paa. Ukuta ukibomolewa huku chini ili duka lipatikane, uliza kama ulikuwa umebeba kitu.

Huwezi kupima zege kwa macho, hata mimi siwezi. Lakini kuhesabu unaweza. Muulize keateka au mwenye ploti: idhini ya kaunti ilikuwa ya ghorofa ngapi, na sasa ziko ngapi? Akikwepa, ulizeni mkiwa wengi. Na siku mtaambiwa ghorofa ya juu imefungwa kwa sababu ya nyufa, usibaki ya chini ukingoja mkutano wao uishe. Beba ID, beba mtoto, toka.