Entebbe hadi Toronto kwa ndege: umbali, muda wa safari na saa za kwenye tiketi

Kutoka uwanja wa ndege wa Entebbe, Uganda, hadi ule wa Pearson mjini Toronto, Kanada, ni takriban kilomita 11,750 kwa njia fupi ya angani. Hakuna ndege ya moja kwa moja kati ya miji hiyo. Lazima ubadilishe ndege njiani, na safari nzima kwa kawaida huzidi saa 19. Ukisubiri sana ndege ya pili, hupita siku nzima.

Njia moja hupitia Amsterdam. Entebbe hadi Amsterdam ni kama kilomita 6,360, karibu saa 8 angani. Ndege ikitua Kigali kwanza, muda huongezeka. Amsterdam hadi Toronto ni kama kilomita 5,990, pungufu kidogo, lakini nako ni karibu saa 8 kwa sababu ndege inayokwenda magharibi hukutana na upepo wa mbele. Njia nyingine hupitia Addis Ababa: saa 2 tu kutoka Entebbe, kisha kipande kirefu cha kilomita 11,500 hivi.

Kusoma saa

Kilomita hazisumbui mtu. Saa ndizo huchanganya. Tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24, siku ikianza usiku wa manane. Ikiandikwa tarehe 14, 02:30, maana yake ni saa nane na nusu usiku, yaani usiku wa kuamkia tarehe 14. Unatakiwa uwe uwanjani jioni ya tarehe 13. Ukifika jioni ya tarehe 14, ndege imeshaondoka zamani. Pia, kila saa iliyo kwenye tiketi ni ya mji unaotajwa pale, si ya Uganda.

Toronto iko nyuma ya Uganda kwa saa 8 wakati wa baridi, na saa 7 kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba. Mfano: umeondoka Entebbe saa 5 usiku mwezi Januari, ukaruka saa 8, ukasubiri saa 4, ukaruka tena saa 8. Umetumia saa 20. Uganda ni saa 1 jioni, lakini Toronto utakuta ni saa 5 asubuhi. Watoto watasinzia mchana kwa siku kadhaa, ni kawaida. Anayetumia dawa kwa saa maalumu amuulize daktari kabla ya safari, na dawa azibebe mkononi.

Kwa wanaohamishiwa Kanada

IOM ndiyo hupanga ndege za wengi wao. Mfuko wa hati unaopewa usiuweke kwenye mzigo wa chini ya ndege. Maofisa watauomba mpakani. Gharama za safari mara nyingi ni mkopo wa serikali ya Kanada usio na riba, unaolipwa baada ya kufika. Hakuna anayeruhusiwa kukudai pesa kambini ili "akuharakishie tiketi." Akitokea, toa taarifa kwa UNHCR.

Na kwa mnaobaki: ndugu akikupigia saa 3 usiku ya Toronto mwezi Januari, Nakivale ni saa 11 alfajiri. Kubalianeni saa mapema.