Si Miti Pekee Inayojipikia Chakula kwa Jua

Nikiwauliza vijana wetu ni viumbe gani hujipikia chakula kwa mwanga wa jua, hunijibu haraka: miti. Ni kweli, lakini sisi watu wa Pwani tunafaa kujua zaidi, kwani sehemu kubwa ya jiko hilo iko baharini.

Kazi hii huitwa usanisinuru. Kiumbe huchukua maji, hewa ya kaboni na mwanga, akatengeneza sukari na, mara nyingi, kutoa oksijeni. Wanaoiweza ni makundi matatu.

La kwanza ni mimea: mnazi, mwembe, mkoko, hata majani ya bahari wanayokula tafi, kasa na nguva. Majani hayo yana mizizi na maua kama mimea ya nchi kavu.

La pili ni mwani. Huu hauna mizizi ya kweli wala maua. Kule Kibuyuni, Kwale, kina mama hulima mwani mwekundu kwa kamba. Usidanganywe na rangi. Klorofili unayo, ila imefunikwa na rangi nyingine.

La tatu ni baadhi ya bakteria. Wataalamu wanasema aina moja, sayanobakteria, ndiyo iliyoanza kuijaza hewa oksijeni, zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita.

Uyoga haumo, hauna klorofili, hula vilivyooza. Wanyama nao hawamo, ila tumbawe lina siri. Lenyewe ni mnyama, lakini ndani ya mwili wake hukaa mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaolilisha. Maji yakizidi joto, mwani huo hutoka, tumbawe likabaki jeupe na njaa. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya Kenya yalikufa hivyo.

Kwa nini nayasema haya? Kwa sababu wote hawa wanahitaji mwanga, na mwanga haupenyi kwenye maji ya tope. Mikoko ndiyo hulizuia tope la mitoni lisifike mbali. Tukiikata ovyo, tope huyafunika majani ya bahari na matumbawe, na samaki wakakosa malisho na maficho. Mvuvi akirudi na dema tupu, asilaumu bahari peke yake. Atazame na mikoko iliyokatwa nyuma ya kijiji.