Oveni Haina Kisirani: Kabla ya Kuilaumu, Ijue Historia ya Moto wa Tabata

Keki imezama katikati. Upande wa kulia umeungua, wa kushoto bado uji. Uniti za LUKU nazo zimekimbia kama zimeibiwa. Fasta lawama zote kwa oveni: "Hii ni feki!" Wadau, kabla hujaipigia bei ya chuma chakavu, turudi nyuma kidogo, maana magonjwa mengi ya oveni za kitaa, kuanzia Tabata mpaka Temeke, yalianza kabla hiyo oveni haijatengenezwa.

Hapa mjini keki ilikuwepo kabla ya oveni. Waulizeni mabibi. Unachukua sufuria kubwa, unaweka mchanga mkavu chini, sufuria ya keki ndani yake, mfuniko, halafu makaa ya moto juu. Ni ujuzi uleule wa kupalia wali na wa mkate wa kumimina wa watu wa pwani: moto chini, moto juu. Mchanga unasambaza joto lisiunguze sehemu moja, makaa yanaupa uso wa keki rangi. Hakukuwa na namba za kuzungusha. Mama alipitisha kiganja juu ya mfuniko, akajua makaa yaongezwe au yapunguzwe. Majina ya hao kina mama hayajaandikwa popote, lakini keki zao zimekatwa kwenye kipaimara na harusi kibao.

Umeme wenyewe ulianza Dar mwaka 1908, enzi za Wajerumani, kwa ajili ya karakana za reli na mitaa waliyoishi wakoloni. Jikoni kwa mwenyeji haukuwepo. Uswahilini ulichelewa sana, na ulipofika ulikuja kama taa, redio na pasi. Tabata ya miaka ya 1980 ilijulikana kwa dampo la jiji, mpaka wakazi walipochoka na moshi na harufu wakaenda mahakamani mwaka 1988. Nyumba nyingi huku zimepanda polepole, chumba baada ya chumba, na waya ukavutwa hivyohivyo. Fundi alipanga taa na feni. Hakuwaza kwamba siku moja kuna dada atapika keki za oda humo ndani na kuzirusha WhatsApp status.

Ndiyo maana tatizo la kwanza ni breka kukata au plagi kuyeyuka. Oveni ya wati 2,500 inavuta karibu ampia 11. Soketi ya pini tatu tuliyorithi kwa Waingereza mwisho wake ni 13. Chomeka oveni na birika la umeme kwenye ekstensheni moja, umeshapitiliza. Oveni ipewe soketi yake ukutani. Na ukigusa bodi ukasikia inakutekenya, zima, chomoa, fundi apime waya wa ethi. Kuvaa ndala siyo matengenezo, bana.

Tatizo la pili: asubuhi keki inapanda, jioni inagoma. Oveni inategemea volti 230. Saa moja usiku mtaa mzima umewasha kila kitu, umeme unakuwa mdogo. Ukishuka hadi volti 180, pungufu ni kama asilimia 22 tu, lakini nguvu ya koili inabaki karibu asilimia 61. Kwa hiyo oveni ni nzima, haijashiba tu. Angalia namba kwenye gadi ya friji kama yako inaonyesha volti. Zikiwa chini, pika asubuhi, au iache oveni ipate moto dakika 20 mpaka 30 kabla ya kuingiza keki, na usifungue mlango kuchungulia.

La tatu, kuungua upande mmoja. Panga vipande vya mkate mweupe kwenye waya mzima, washa moto wa juu na wa chini, subiri dakika 10. Mkate utakuonyesha ramani ya joto. Ukiwa umebadilika rangi chini tu na juu bado mweupe, huenda koili ya juu imekufa. Hiyo inabadilishwa, hununui oveni nyingine. Kisha bana karatasi kwenye mlango: ikichomoka kirahisi, raba imechoka na joto linavuja.

La nne ni la YouTube. Mapishi ya Marekani yakisema 350, hiyo ni Fahrenheit, sawa na nyuzi 177 za Celsius. Ukizungusha mpaka mwisho, usimlaumu aliyekuuzia.

Halafu LUKU. Wati 2,500 kwa saa moja ni hadi uniti 2.5. Ukiwasha saa moja kila siku, mwezi unakupa hadi uniti 75. Namba hiyo siyo ya mchezo: ndiyo mwisho wa daraja la watumiaji wadogo, wanaonunua uniti kwa chini ya nusu ya bei ya wengine. Ukichanganya na friji na feni, umetoka. Anayeuza keki bila kupiga hesabu hiyo anamlipia mteja umeme. Pika keki mbili kwa mpigo, moto uleule.

Mgawo wa mwaka 2006, ukame ulipokausha mabwawa, waliojua kupalia makaa hawakukwama. Sasa mkakati wa serikali wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Sawa, makaa yaondoke, mapafu ya kina mama yapumzike. Ila ule ujuzi wa kuusoma moto bado tunauhitaji, kwa sababu namba kwenye oveni inasema ulichoomba, haisemi ulichopata. Kwa hiyo kabla hujachoma laki kadhaa kwenye oveni mpya, nunua mkate mmoja dukani kwa Mangi, uipime uliyonayo.