Pampu Haivuti

Mwaka 1963, wakati nchi za Nordik zilipoanza kujenga kituo cha elimu pale Kibaha, mwanafunzi wa Magamba huko Lushoto, Erasto Mpemba, aliona mchanganyiko wa maziwa ya moto ukiganda kuwa aiskrimu kabla ya uliopoa. Aliuliza, akachekwa. Mwaka 1969 yeye na Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa Dar es Salaam, walilichapisha swali hilo, na wataalamu wanabishana juu yake hadi leo. Mimi niliyesoma Kibaha niliisimulia habari hiyo kwa majivuno, kana kwamba nisingekuwa miongoni mwa waliocheka.

Basi nikapelekwa kufundisha Kisarawe. Maji ya kisima chetu yalikuwa mita 12 chini, na pampu iliyokaa juu ya ardhi ilikataa kuyatoa. Nikaagiza kubwa zaidi. Nayo ikanguruma tu. Fundi mzee aliyeifunga akasema, "Mwalimu, hata ulete ya treni, maji hayatafika." Nikacheka mbele ya wanafunzi, nikaandika ubaoni kanuni ya nguvu ya mota.

Jioni, nikinywa soda kwa mrija, nikashtuka. Mdomo hauvuti soda! Unaondoa hewa mrijani, na hewa ya nje ndiyo inayoisukuma soda juu. Uzito wa hewa hiyo unaweza kusimamisha nguzo ya maji ya mita 10 na kidogo, basi. Mota hata iwe kubwa kama nyumba haiongezi shubiri. Tarakimu hiyo nilikuwa nayo kichwani tangu shule. Nilishaijibia mtihani.

Galileo naye, katika kitabu chake cha 1638, anasimulia habari ya fundi aliyeitwa kutengeneza pampu, akasema haina kasoro, ila maji hayapandi zaidi ya kimo kile. Galileo alidhani maji hukatika kwa uzito wake, kama kamba. Ni Torricelli, mwaka 1644, aliyeandika kwamba tunaishi chini ya bahari ya hewa.

Asubuhi nilimwamkia mzee shikamoo mbele ya darasa lile lile, nikamwomba radhi.

"Marahaba. Visima vimenifundisha," akasema.

Tukaiteremsha pampu juu ya mbao ndani ya kisima, mita 4 kutoka kwenye maji. Maji yalipotoka, msichana mmoja akauliza ingekuwaje Kilimanjaro, ambako hewa ni haba. Nikampa chaki.